Nakala ya tano ya Minhaji nayo ipigwe picha

Mhariri,

Maoni mliyoyachapa kuhusu vitabu vya mkono vya Lamu yalikuwa na shauri moja jema na moja la hatari. Jema ni kwamba vitabu hivi vipigwe picha kabla unyevu na mchwa havijavimaliza. La hatari ni kwamba, kwa kuwa fedha ni haba, kila kitabu ichaguliwe nakala moja tu, ile iliyo safi na kamili, na nyingine zirudishwe kabatini zilivyo. Mwandishi aliuliza kuna faida gani kupiga picha nakala ya tano ya Minhaji, kile kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, na Minhaji ya chapa inauzwa madukani. Akaleta na mfano wa Ulaya: kwamba wataalamu wa sheria za Kanisa walichagua nakala chache nzuri za Decretum ya Gratian, wakazichapa, mambo yakaisha.

Mfano huo ameushika makalini. Ukitafuta kitabu cha kumpinga, huwezi kupata kizuri kuliko hicho hicho Decretum.

Decretum ni mkusanyo wa sheria za Kanisa uliotungwa Bologna, Italia, kwenye miaka ya 1140. Gratian alizikuta kanuni za mitaguso, yaani mikutano mikuu ya Kanisa, barua za mapapa na maneno ya mababa wa Kanisa zikigongana, akazipanga pamoja na kuzisuluhisha. Ndiyo maana jina lake la asili lina maana ya upatanisho wa kanuni zisizopatana. Sehemu ya kwanza ina mafungu 101. Ya pili ina kesi 36 za kubuni, na kila kesi inazaa maswali. Kesi ya kwanza ni ya baba aliyempeleka mwanawe katika nyumba ya watawa yenye utajiri, akatozwa ratili kumi za fedha ili apokewe, mtoto mwenyewe hajui. Baadaye mtoto akapanda cheo, na hapo yanafuata maswali saba juu ya kununua vitu vitakatifu. Sehemu ya tatu, ya mafungu matano, inahusu kuweka wakfu na sakramenti. Kwa jumla ni vifungu vinavyokaribia 4,000. Anayejua sura ya kitabu cha fiqhi kilichochapwa Misri, matini katikati na sherehe, yaani ufafanuzi, ikiizunguka, akifungua Decretum ya karne ya 13 hatajiona mgeni: matini ni safu mbili katikati ya ngozi, na pande zote nne imezingirwa na sherehe ya Johannes Teutonicus, iliyorekebishwa na Bartholomew wa Brescia kwenye miaka ya 1240.

Wala sheria hiyo haikuwa mbali na pwani hii kama inavyodhaniwa. Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542 akienda India, Mtaguso wa Trento ulikuwa haujaanza, na sheria iliyotawala Kanisa lake ni hiyo ya Gratian na ya barua za hukumu za mapapa ziitwazo dikretali. Iliendelea kutumika mpaka mwaka 1918, pale sheria mpya iliyotangazwa mwaka mmoja kabla ilipoanza kazi.

Sasa tuje kwenye nakala. Nakala za mkono za Decretum zilizobaki duniani zinazidi 600. Chapa wanayoitumia wasomi hadi leo ni ya Emil Friedberg, iliyotoka Leipzig mwaka 1879, naye alitumia nakala nane. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakukuwa na kamera ya simu wala ndege, na mtu mmoja kusoma nane kwa ukamilifu ni kazi ya kuumiza macho. Lakini nane katika mia sita si kumaliza mambo.

Mwaka 1996 Anders Winroth, Mswidi aliyekuwa akisoma Marekani, alionyesha kwamba nakala chache, zilizokuwa zikijulikana na zenye namba zake maktabani, zina kitabu kingine kabisa: toleo la kwanza la Gratian, refu kama nusu hivi ya lile tunalolijua. Moja iko Florence. Moja iko Admont, Austria, katika majuzuu mawili, namba 23 na 43. Moja iko Barcelona, ilitoka katika nyumba ya watawa ya Ripoll. Moja iko Paris, na kuna kipande cha nyingine huko huko. Hazikuwa zimefukiwa ardhini. Waliozitazama waliona zimepungukiwa na vifungu vingi, wakazihesabu kuwa ni muhtasari, wakazirudisha rafuni.

Angalia alichokiona Winroth, kwa sababu ndiyo njia itakayotufaa hapa. Sehemu ya tatu nzima, ile ya sakramenti, haimo katika toleo hilo. Vifungu vilivyochukuliwa kutoka sheria za Kirumi za Kaisari Justinian, ambavyo vimejaa katika toleo refu, karibu vyote havimo. Vilevile, mahali ambapo toleo refu linayumba, maneno ya Gratian yakisema jambo moja na vifungu vinavyofuata vikisema jingine, toleo fupi linakwenda sawa. Mtu anayefupisha hukata alipochoka au aliposhiba. Hakati kwa namna ambayo hoja inanyooka kila mahali. Kwa hiyo hizi si nakala zilizokatwa, ila ile ndefu ndiyo iliyoongezwa, pengine hata na mkono mwingine. Nakala ya Florence na ya Admont zina dalili ya ziada: wenye nakala hizo waliposikia kuna toleo jipya, hawakununua jingine. Walijaza vifungu vipya pambizoni, na vilivyokosa nafasi wakavishona nyuma ya kitabu kama kiambatisho.

Kwa kipimo cha mwandishi wa maoni, cha usafi na ukamilifu, nakala ya Florence ingekuwa ya kwanza kuachwa. Matini ni pungufu, pambizo zimechafuka, na nyuma kumebandikwa mabaki.

Ubishi wenyewe haujafungwa. Katika maktaba ya Sankt Gallen, Uswisi, kuna nakala namba 673, fupi zaidi ya hizo zote. Mtaalamu Carlos Larrainzar aliiona kuwa ni rasimu ya kabla ya toleo la kwanza. Wengine wanasema hiyo kweli ni muhtasari. Yeyote mwenye haki, wanabishana kwa sababu nakala ipo na wote wanaweza kuisoma. Isingekuwapo, mmoja angesema na mwingine angenyamaza.

Atakayesema haya ni ya Wakristo na ya ngozi za kondoo, aichukue Minhaji yenyewe. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, aliifupisha kutoka kitabu cha Imamu Rafii, na katika utangulizi wake ameweka alama za kazi. Anapoongeza lake juu ya Rafii huanza na "qultu", nimesema, na kufunga kwa "wallahu aalam". Anapopima kauli za Imamu Shafi mwenyewe hutumia "al-adh-har". Anapopima rai za maulamaa wa madhehebu waliomfuata hutumia "al-asahh". Ni maneno mafupi, na katika vitabu vingi vya mkono maneno ya aina hii huandikwa kwa wino mwekundu. Hapo ndipo tatizo huanzia. Mnakili huandika ukurasa mzima kwa wino mweusi na kuacha mapengo, akikusudia kurudi na kalamu nyekundu. Akisahau pengo moja, "qultu" imepotea, na maneno ya Nawawi yamekuwa ya Rafii. Akijaza kwa kubahatisha, "al-asahh" imekaa mahali pa "al-adh-har", na rai ya mwanafunzi imepandishwa kuwa kauli ya Imamu. Hukumu yenyewe haikubadilika hata herufi, ila kilichobadilika ni uzito wake mbele ya kadhi.

Gratian amepatwa na hayo hayo. Maneno yake mwenyewe yamekaa katikati ya vifungu alivyovinukuu, na kinachotenganisha ni kichwa chekundu. Kichwa kikikosekana, maneno ya mwalimu wa Bologna husomwa kana kwamba ni ya papa. Tena kuna vifungu vilivyoingizwa baadaye na wanafunzi, vikaandikiwa pembeni "palea". Neno hilo kwa Kilatini ni makapi, ingawa wengine wanasema ni kifupi cha jina la Paucapalea, mwanafunzi wake. Katika nakala moja palea iko pambizoni, katika ya pili imeingia ndani ya matini na alama yake, katika ya tatu imeingia na alama imeachwa. Anayeshika nakala hiyo ya tatu peke yake hawezi kujua kwamba anakula makapi pamoja na nafaka. Ni kuzipanga tatu pamoja tu kunakomwonyesha safari ya kifungu hicho.

Kuhusu usafi, mwandishi na ajiulize kwa nini kitabu cha miaka mia mbili kiwe safi. Mara nyingi ni kwa sababu hakikusomwa. Kitabu kilichosomeshwa kina alama za vidole kwenye pembe, kina masahihisho, na kina neno "balagha" pambizoni, likionyesha kwamba mpaka hapo nakala ililinganishwa na asili yake au ilisomwa mbele ya sheikh. Ukipata "balagha" kila baada ya kurasa kadhaa, unajua kitabu kilipitiwa. Ukiipata mpaka katikati kisha ikatoweka, unajua pia pa kuanzia tahadhari. Katika nakala za vyuo vya Ulaya kazi hiyo ilifanywa na ufupisho wa neno la Kilatini la "imesahihishwa", ukiandikwa mwishoni mwa mkunjo wa karatasi.

Na huko vyuoni kulikuwa na hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Muuza vitabu wa chuo alikuwa na nakala ya asili isiyojalidiwa, iliyogawanywa vipande, kwa kawaida vya karatasi nne za ngozi, yaani kurasa nane. Kila kipande kilikodishwa peke yake, ili wanakili wengi wanakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Ni mpango wa akili, lakini kipande cha 12 kikiwa kwa mtu mwingine, mnakili alikisia nafasi, akaiacha wazi, akaendelea na cha 13. Alipokipata cha 12, nafasi haikutosha akabananisha herufi, au ilizidi akazitawanya. Baya zaidi, cha 12 huenda alikikodi kutoka kwa asili tofauti. Hivyo kitabu kimoja, mkono mmoja, kina koo mbili za matini ndani yake. Mtafiti Jean Destrez alizifuatilia namba za vipande hivyo pambizoni mwa nakala na kuandika matokeo yake mwaka 1935. Kabla ya hapo wengi walizipita bila kujua ni nini. Funzo kwa mwenye kulinganisha: usikihukumu kitabu kwa ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo la dikretali ambalo linagusa moja kwa moja hoja ya "kimekwisha chapwa". Papa Gregory wa 9 alimpa Raymond wa Penyafort kazi ya kukusanya barua za hukumu katika kitabu kimoja cha sehemu tano, akakitangaza tarehe 5 Septemba 1234 na kukipeleka Bologna na Paris, kwa amri kwamba mahakamani na madarasani kitumike hicho tu. Zimebaki nakala zake kama 700. Raymond alikuwa mwanasheria hodari, na mwanasheria hodari anapokata barua ya hukumu hubakiza kanuni na kutupa kisa: nani alimshitaki nani, shamba lilikuwa la nani, shahidi alisema nini. Aliyesoma kitabu cha Raymond peke yake alipata sheria isiyo na watu. Visa vyenyewe vilibaki katika makusanyo matano ya kabla yake, yaliyoanza na lile la Bernard wa Pavia la karibu na mwaka 1190. Kwa amri ya papa makusanyo hayo hayakuwa na kazi tena, na kila mwenye rafu iliyojaa alikuwa na sababu nzuri ya kuyatupa. Wachache hawakuyatupa. Friedberg, katika juzuu lake la 1881, aliweza kurudisha vipande vilivyokatwa na kuvichapa kwa herufi za mlazo, ndipo hukumu nyingi zikaeleweka zilitolewa kwa sababu gani. Usiache mbachao kwa msala upitao, nao walikaribia kuuacha.

Pambizo nazo zisidharauliwe. Katikati ya karne ya 9, kaskazini mwa Ufaransa, kikundi cha watu waliojificha nyuma ya jina la Isidore Mercator kilitunga kama barua 100 za uongo na kuzipachika kwa mapapa wa karne za mwanzo, shabaha kubwa ikiwa kuwakinga maaskofu wasiondolewe kwa urahisi. Uongo huo uliaminiwa kwa miaka mia nyingi, na vipande vyake vingi viliingia hadi ndani ya Decretum. Mwaka 1628 David Blondel aliuvunja hadharani. Miongoni mwa dalili, mapapa hao walikuwa wakinukuu Biblia kwa tafsiri ya Jerome, aliyezaliwa baada ya wao kufa. Lakini uongo ulitungwa wapi? Hilo lilibaki dhana mpaka mwaka 2001, pale Klaus Zechiel-Eckes alipoonyesha nakala mbili kutoka maktaba ya zamani ya watawa wa Corbie, moja sasa iko Paris na nyingine St. Petersburg. Matini ya nakala hizo ni vitabu vya kawaida vya historia na mitaguso, vilivyokwisha chapwa. Pambizoni kuna alama ndogo za msomaji. Sentensi zilizotiwa alama ndizo hasa zilizonyofolewa na kushonwa katika barua za uongo. Aliyepiga picha matini na kukata pambizo ili faili liwe dogo angekuwa amekitupa kiwanda akabakiza ukuta.

Na hapa nitoe angalizo kwa vijana wenye ari, maana ari nayo huharibu. Papa Pius wa 5 aliunda tume ya kusahihisha Decretum mwaka 1566, na chapa yake ikatoka Roma mwaka 1582. Wajumbe walikuwa wasomi wa kweli. Kosa lao ni kwamba walipoona Gratian amenukuu tofauti na kitabu cha asili, walikwenda kwenye asili na kumsahihisha. Mara nyingi wakawa sawa kuhusu asili na wakakosea kuhusu Gratian, kwa sababu yale maneno "mabovu" ndiyo aliyoyasoma na kuyasomesha. Anayenakili orodha ya vitabu vya Lamu na kuona jina la mwandishi limeandikwa vibaya kwenye jalada, aliandike vile vile lilivyo, kisha aweke analodhani ni sahihi pembeni.

Kuhusu gharama, tufanye hesabu badala ya kulalamika. Kitabu cha karatasi 200 kina kurasa 400. Watu wawili, mmoja akifungua na mmoja akipiga, wakienda kurasa mbili kwa dakika, ni saa tatu na dakika 20. Ongeza saa moja ya kuhesabu karatasi, kuandaa mwanga na kukagua picha. Asubuhi moja, basi. Nakala tano za Minhaji ni asubuhi tano. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha vimekwisha pigwa picha kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, kwa hiyo Lamu si kwamba tunaanza gizani.

Kamera au simu ifungwe juu ya kiguzo, kioo chake kiwe sambamba na ukurasa. Ikishikwa kwa mkono, mistari ya chini hupinda na herufi za karibu na mshono hufifia. Mwanga utoke pande mbili, kila upande kwa mshazari, usitoke juu peke yake kwa sababu ukurasa utang'aa na wino mweusi utageuka kijivu. Kitabu kisilazwe bapa. Kifunguliwe kiasi ambacho mgongo hauumii, na chini ya kila jalada liwekwe khanga lililokunjwa. Picha ya kwanza iwe na rula na kipande cha rangi, ili atakayeitazama ajue ukubwa na wekundu wa kweli. Kurasa tupu zipigwe. Jalada, mgongo, ndani ya jalada, tamko la wakfu, vipande vya karatasi vilivyochomekwa, vyote vipigwe, na kila kipande kwanza mahali kilipokutwa, kabla ya kuguswa. Palipokwanguliwa papigwe mara ya pili, taa ikiwa imelazwa karibu na meza: herufi iliyofutwa kwa kisu huacha mbonyeo, na kivuli hulionyesha.

Karatasi yenyewe itazamwe ikiwa imeinuliwa dhidi ya mwanga. Picha za hilali tatu zilizopangwa kwa mstari ni alama ya karatasi za Italia zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Mashariki. Jina la Andrea Galvani wa Pordenone ni la karatasi za baadaye, za karne ya 19. Jina hilo halitoi mwaka kamili, lakini humkatalia anayedai kitabu ni cha karne ya 16. Karatasi ikiwa haina namba, itafutwe kauli ya chini ya ukurasa, lile neno moja linaloandikwa kwa mshazari ili kutangulia neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lisipokubaliana na ukurasa unaofuata, ama karatasi imepotea ama mjalidi amekosea mpangilio, na hayo ni mambo mawili tofauti yasiyopaswa kuandikwa kwa neno moja.

Kulinganisha nakala hakuhitaji kusoma zote neno kwa neno mwanzoni. Chagua sehemu kumi zilizotawanyika, mistari 20 kila moja: utangulizi, sala, zaka, mauzo, ndoa, talaka, mirathi, jinai, ushahidi, na mwisho wa kitabu. Andika kila tofauti. Usijali tofauti za kuandika hamza. Tafuta makosa ambayo watu wawili hawawezi kuyafanya kwa bahati, hasa kuruka kwa jicho: mnakili anaacha mwisho wa sentensi kwenye neno fulani, jicho likirudi linaangukia neno lile lile mistari mitatu chini, na mistari mitatu imemezwa. Nakala mbili zikiwa zimemeza mistari ile ile, zina baba mmoja. Nakala moja ikiwa na mistari hiyo pambizoni kwa mkono mwingine, kuna aliyeilinganisha na nakala ya ukoo tofauti, na nakala hiyo ya pili huenda bado iko nyumba ya tatu kutoka hapo. Hapo ndipo ile ya tano inapolipa asubuhi yake.

Utunzaji niuseme kwa ufupi. Selotepu hapana, wala kupaka plastiki ya joto. Gundi hugeuka manjano na haitoki bila kung'oa wino. Usikifute kitabu kwa kitambaa chenye maji: wino wa masizi huyeyuka, na wino wa chuma, ule uliogeuka kahawia na kutokea upande wa pili wa karatasi, huzidi kula ukilowa. Usikianike juani. Ukungu huota hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, na kisiwani hilo ni jambo la kila mwaka, kwa hiyo mfuko wa plastiki uliofungwa ndio kaburi la kitabu. Kitambaa cha pamba na kabati lenye matundu, mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu kwa kiasi cha shubiri mbili, ni bora. Dawa ya wadudu isipuliziwe kurasa.

Karatasi zilizobanduka zisitupwe na jalada bovu lisichanwe. Baada ya Uswidi kuacha Ukatoliki, vitabu vya Kilatini vilichanwa na ngozi zake zikatumika kufungia hesabu za kodi za mfalme. Leo hifadhi ya taifa huko ina vipande zaidi ya 20,000, vya ibada na vya sheria, na watu wanaunganisha kitabu kimoja kutoka kwenye majalada ya wilaya tofauti kwa kufuata mwandiko na idadi ya mistari. Majalada ya vitabu vya Kiarabu nayo mara nyingi hujazwa kwa karatasi kuukuu zilizogandishwa. Ndani ya jalada la Minhaji panaweza kuwa na ukurasa wa kitabu ambacho hakuna anayekijua.

Mafaili ya picha yapewe namba ya karatasi na upande, 001a, 001b, na kuendelea, yawekwe mahali pawili, pamojawapo pakiwa nje ya kisiwa. Na mwenye kuandika orodha asiandike "pungufu" wala "muhtasari" katika safu ya hali ya kitabu. Aandike maneno manne ya mwanzo, maneno manne ya mwisho, idadi ya karatasi, mikono mingapi imeandika, na milango gani, yaani sura, haimo.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu